Jogoo wa Bati na Shimo la Kasulo

Kabla sijasema lolote, niweke jambo moja wazi. Shabaha za kermesi ya parokia yetu, zile zinazoanguka zikipigwa na kuinuka tena zenyewe, nilizitengeneza mimi. Nimesikia kwamba wako watu wawili watatu hapa Kolwezi wanaosema nao walitia mkono. Mmoja alinishikia ngazi kwa muda wa kuvuta sigara moja. Mwingine aliniazima koleo, na kwa koleo hilo nilichimba aibu yangu mwenyewe, jambo ambalo nitalieleza bila kuficha, kwa sababu fundi mwenye diploma haogopi kutaja kosa lake. Lakini michoro ni yangu, vipimo ni vyangu, na kila mshono wa kulehemu ulioko pale unaweza kuupitishia kidole wala usikwaruzike.

Kwa asiyeijua, kermesi ni sikukuu ya parokia. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza kulaza vumbi la malori, uwanja wa kanisa unajaa meza. Kuna meza ya bukari, yaani ugali, na samaki, meza ya bahati nasibu, meza ya mama wa kwaya wanaouza maandazi, na iko meza moja ambayo kila aliyekulia mji huu anaikumbuka kuliko mahubiri: meza ya kupiga shabaha. Parokia ina bunduki ya upepo, ya zamani sana, unayoikunja katikati ili kuipa nguvu. Risasi zake ni ndogo kama punje ya mahindi. Haziui hata njiwa aliyenona, lakini mwanamume akikosa shabaha mbele ya wakwe zake, siku ile haisahauliki.

Meza hiyo aliianzisha baba yangu. Alikuwa fundi katika karakana kubwa ya mgodi, na Jumapili ya kermesi alivaa shati jeupe, akafunga kamba mbele ya meza, akasimama kando na kijiti cha kuonyeshea. Mimi nilizaliwa Kolwezi, nikabatizwa katika kanisa lilelile, na jina langu liko katika kitabu cha ubatizo kwa wino ambao haujafifia. Nimekwenda kuliangalia. Babu yangu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, naye hakuomba kuletwa.

Nilikuwa na miaka minane ilipoamuliwa kwamba watu wa asili ya Kasai si wa hapa Katanga. Tulipandishwa treni pamoja na masufuria na mashine ya kushonea ya mama. Tulipofika Lubudi treni ilisimama siku mbili, na wanawake waliokuwa wakiuza mihogo kando ya reli walikuja mpaka madirishani. Mmoja alimwongezea mama kipande kimoja, akaondoka. Nimekuwa nikimfikiria mwanamke huyo mara nyingi kuliko ninavyowafikiria waliotupandisha treni. Baba alikufa huko tulikopelekwa, baada ya miaka michache, na kila mwaka mpaka alipokufa aliuliza wageni waliotoka huku kama kermesi imefanyika na nani alishika meza.

Mimi sikufa. Nilivuka mpaka, nikaingia Zambia, nikafagia karakana ya mtu mpaka akachoka kuniona na ufagio akanipa kifaa cha kulehemu. Nilisoma chuo cha ufundi jioni, katika lugha ambayo sikuijua nilipofika, nikawashinda waliozaliwa nayo. Diploma yangu imewekwa katika fremu ya kioo na inaning'inia mkabala na mlango wa karakana yangu, kwa namna ambayo mteja akiingia lazima aisome kabla ya kunisalimu. Wapo wanaosema hayo ni majivuno. Sawa. Kila mtu aning'inize alicho nacho.

Karakana yangu iko pembeni mwa Kasulo, mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, chini ya jikoni, chini ya vitanda. Nilirudi na mama wakati mashimo mengi ya upande wetu yalikuwa yameshafukiwa. Nilipanga kiwanja chenye ukuta, nikaweka mashine zangu, na katika muda wa miaka mitatu hakuna geti zuri lililofungwa mtaani bila jasho langu.

Mwaka juzi, shabaha za kermesi zilikuwa chupa tupu. Kigae kimoja kiliruka kikamkata msichana kifundo cha mguu, si sana, lakini damu ilionekana kwenye soksi nyeupe na padri akaiona. Mwaka jana, misa ilipokwisha na matangazo yakaanza, padri alisema chupa basi. Ama meza ya shabaha ipate kitu kingine, ama ifungwe. Nikanyoosha mkono nikasimama. Nilieleza kwamba ziko shabaha za chuma zinazojibu: unapiga, chuma kinalala, kisha kinajirudisha. Hakuna kigae, hakuna wa kukimbia kupanga chupa upya. Nikasema naweza kuzitengeneza, na kwamba nina diploma ya kazi hiyo hiyo. Kisha nikasema, kwa sauti ya kufika hadi benchi la mwisho, kwamba nikizitengeneza, meza nitaishika mimi, kama alivyoishika baba yangu.

Mwenyekiti wa kamati ya kermesi alikuwa amekaa benchi la pili. Ni mtu wa familia za kaskazini mwa Katanga, mtunza ghala mstaafu, na mwindaji anayejulikana. Inasemekana hajawahi kurudi mikono mitupu. Hakusimama. Aligeuza shingo tu.

"Chuma, tutaona," akasema. "Lakini ile meza ni kitu ya hapa. Tunapenda batoto ya hapa njo baishike."

Watu walisikia: watoto wa hapa ndio waishike, si mimi. Padri alisikia pia, akaendelea na tangazo la mazishi. Mama alinivuta suruali nikae, na nilikaa, ila moyoni nilikuwa bado nimesimama, na nilibaki hivyo wiki sita.

Nilianza kazi Jumatatu. Sisi watu wa nchi ya migodi tuna ugonjwa mmoja: tunapenda chuma kinene. Mlango wa kuku tunauwekea bawaba za kubebea lori. Nilikuwa na mabaki ya taya za mashine ya kusagia mawe, chuma kigumu ajabu, kile chenye manganizi, madini kama ya kule mgodi wa Kisenge, kinachozidi kuwa kigumu kadiri unavyokigonga. Nilikikata kwa kukimwagia maji muda wote ili kisipate joto na kuvunjika, jinsi nilivyofundishwa, na nikapata mabamba matano ya mviringo, mazito, yenye kung'aa pembeni. Niliyapanga juu ya bomba nikayatazama kwa muda. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Nilikuwa nimeazima bunduki ya parokia kwa majaribio. Nikapiga. Ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha huku akiomba radhi. Bamba halikutikisika. Nikapiga tena kutoka karibu. Vilevile. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake akichambua mboga ya sombe, amevaa miwani yangu ya kazi kwa sababu nilimlazimisha.

"Mwana, hii kitu ulisema itajibu," akasema. "Sasa iko inajibu nini?"

Nikamwambia ni chuma cha kweli, mama, kizito.

"Naona. Baba yako hakukuwa na diplome, lakini kopo yake ilikuwa inaanguka."

Akaendelea na mboga. Alikuwa na haki, na pia alikuwa amenikumbusha kwamba sijawahi kumuuliza vizuri juu ya meza ya baba. Mimi nakumbuka sauti tu: risasi, bati, kicheko. Nikavuta stuli nikakaa. Akanieleza kwamba makopo ya maziwa yalikuwa ya watoto. Juu ya makopo, peke yake, baba alisimamisha jogoo aliyemkata kutoka debe la mawese, kilemba chake kimepakwa rangi nyekundu. Chini alikuwa na mguu mmoja, msumari mrefu uliokaa ndani ya kibomba. Ukimpiga, hakuanguka. Aligeuka polepole mpaka akakuonyesha mkia.

"Baba yako alikuwa anasema: ukimukosa, anakuangalia. Ukimupiga, anakupa mugongo. Hakuna mwenye kumushinda."

Alicheka aliposema hivyo, akavua ile miwani na kuifuta. Nikampa chaki. Akainama, akamchora jogoo yule sakafuni mwa karakana, mkia wake wenye manyoya matatu na mdomo ulio wazi, kwa mkono mmoja, mkono wa pili bado una majani ya muhogo. Nilipitisha karatasi juu ya mchoro huo kabla mtu hajaukanyaga.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nilichukua mfuniko wa pipa la mafuta, bati jembamba, nikakata sahani tano za ukubwa wa mkono uliokunjuliwa. Kila sahani niliitoboa na kuipitishia kijiti cha gurudumu la baiskeli, kijiti kikakaa mlalo katikati ya sahani kama mhimili. Chini ya mhimili niliweka nati moja ndogo ya uzito. Uzito ndio siri yote. Ukizidi, sahani haianguki; ukipungua, inaanguka na kubaki imelala kama mlevi. Niliongeza na kupunguza kwa tupa, nusu siku kwa kila sahani, mpaka punje ya risasi ilipoigusa ikalala chali, ikatulia kidogo kana kwamba inafikiri, kisha ikanyanyuka. Nyuma niliweka sanduku la mchanga na mbao za kuzuia risasi isirudi kwa watu. Mtu ambaye hajawahi kusoma hesabu ya mizani angekaa miaka miwili bila kupata kile nilichopata kwa siku tatu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Jogoo nilimkata mwisho. Kilemba nilikipaka rangi ile ile ninayopaka mageti.

Ilibaki kusimamisha. Nilitaka shabaha zikae juu, watu wote wazione, basi nilitengeneza nguzo mbili za bomba na boriti ya kupitia juu. Na kwa vile sipotezi chuma, yale mabamba mazito ya mwanzo niliyalehemu chini ya nguzo yawe nanga. Nikawaalika kamati waje kuona Jumamosi. Ijumaa nikaazima koleo, nikazunguka kiwanja nikitafuta mahali pa kuchimba. Ardhi ya Kolwezi ni ngumu, changarawe nyekundu inayorudisha koleo mkononi. Lakini karibu na ukuta wa nyuma nilipata mahali ambapo koleo liliingia kama kijiko kwenye bukari. Nikashukuru. Nikasimamisha nguzo pale, nikashindilia udongo kwa miguu, nikaenda kuoga. Jioni mvua ilinyesha, ya kwanza ya msimu, nzito.

Wewe msomaji wa Kasulo umeshajua. Usicheke bado.

Kamati walifika watu wanne, wamevaa vizuri, viatu mikononi kwa sababu ya matope. Niliwapanga nyuma ya kamba. Niliwasomea kidogo juu ya mhimili na uzito. Mwenyekiti alisimama na mikono nyuma, akitazama si shabaha bali chini, kwenye miguu ya nguzo. Niliona anatazama pale na nikadhani anastahi mshono wangu. Nikakunja bunduki, nikapiga sahani ya kwanza, ikalala, ikanyanyuka. Wawili wakapiga makofi. Nikapiga ya pili. Ikalala. Haikunyanyuka, kwa sababu wakati huo boriti yote ilikuwa imeanza kuinama upande mmoja, taratibu, kama mzee anayetafuta kiti. Nguzo ya kushoto ilizama mpaka magotini, ikasimama kidogo, halafu ardhi ikafunguka na kumeza nguzo, boriti, sahani, jogoo, vyote, kwa sauti ya gunia kuanguka ghalani. Vumbi halikutoka, udongo ulikuwa umelowa. Lilibaki shimo la mviringo lenye upana wa mlango, na ndani yake, kina cha urefu wa mtu, mkia wa jogoo ukichungulia.

Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa mlangoni. Mwenyekiti hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mutoto ya hapa asingeweka kitu pale," akasema. "Hapa ku Kasulo, ata mutoto wa shule anajua. Kama udongo iko laini, chini kuko shimo ya mutu. Walifukia na takataka, wakaenda."

Akavaa viatu vyake akiwa amesimama juu ya changarawe ngumu. Akaniaga kwa heshima, akamsalimu mama kwa heshima zaidi, wakaondoka. Mmoja wao, nyuma kabisa, alinong'ona kwamba meza waifunge tu. Nilimsikia, na nadhani alitaka nisikie.

Kweli kila mtu alijua. Nilipowauliza majirani, walinihesabia mashimo ya kiwanja changu kwa vidole, hili la mwenye nyumba, lile la shemeji yake, kama watu wanaotaja miti waliyopanda. Hapajawahi kutokea mtu wa kunieleza kwa sababu hapajawahi kutokea mtu aliyefikiri kwamba sijui. Watu wa mtaa huu wanatembea hivyo: wakifika kiwanja kigeni, mguu wa kwanza unapima kabla wa pili haujafuata. Niliwatazama wiki nzima. Hata mama wauza mkaa wanapotua gunia, wanapiga kisigino mara mbili kwanza. Mimi nilikuwa natembea kama mtu wa mji wenye sakafu.

Nilitoa vyuma vyangu kwa kamba na kapi, peke yangu, siku mbili. Sahani moja ilikuwa imepinda. Jogoo alikuwa na tope mdomoni. Na nilipokuwa ndani ya shimo lile, nimesimama juu ya matope na magunia ya zamani, naona alama za sururu ya mtu kwenye ukuta wa udongo, nilikasirika. Hasira yangu haikuwa kwa shimo. Nilikuwa nimeishika aibu siku mbili, naigeuza huku na huku kama sahani yenye uzito mbovu, na mle shimoni nikaona wapi inakosea. Kosa langu lilikuwa kosa la mtu ambaye hakuwepo. Vizuri. Nani alifanya nisiwepo?

Nilipanda nikaanza upya. Mabamba mazito niliyakata yote nikayaondoa kwenye nguzo. Badala ya nguzo mbili za kuzikwa, boriti niliitengenezea miguu mitatu inayofunguka, mipana, yenye nyayo za bati nene chini yake, kitu kinachosimama juu ya ardhi bila kuomba kuingia ndani yake. Unaweza kukiweka kwenye changarawe, kwenye tope, juu ya shimo la mtu yeyote, nacho kikakaa. Mpaka leo sijaona muundo bora zaidi mjini, na nimetazama.

Sikumwalika mtu mara hii. Jumapili iliyofuata, kabla ya misa kutoka, nilisukuma mkokoteni hadi uwanja wa parokia. Niligonga ardhi kwa kisigino, mara mbili, hatua kwa hatua, hadi nikapata mahali pazuri, mkabala kabisa na chumba ambamo kamati hukutana. Nikafungua miguu mitatu. Nikaweka sanduku la mchanga, mbao, sahani tano, na juu kabisa jogoo. Nikafunga kamba kama baba alivyofunga. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Watu walitoka kanisani wakasimama. Mwenyekiti alipita katikati yao, akaja mpaka kwenye kamba. Akaniuliza nani ameniruhusu. Aliuliza bila ukali, kama mtunza ghala anayeuliza karatasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilikuwa na hotuba yenye diploma ndani yake. Ikatoka nyingine.

"Tata, ulisema kweli," nikamwambia, nikimwita baba kama tunavyowaita wakubwa. "Sikujua shimo iko wapi. Lakini wakati banachimba ile mashimo, mi nilikuwa wapi? Mi sikutokaka hapa na miguu yangu. Balitupandishaka mu treni, weye uliona. Sasa unaniuliza sababu gani sijue mambo ya hapa?"

Kuna mambo ambayo mjini kwetu watu wa kila upande wanayazunguka, kama wanavyozunguka udongo laini. Nilikuwa nimeweka nguzo pale pale, kwa makusudi safari hii. Nilimwona padri mlangoni pa sakristia akiwa amesimama na stola, ule mtandio wake wa misa, mkononi, haji wala haondoki.

Macho ya mwenyekiti yalikuwa yamepanda, yamepita sahani, yamefika juu. Alitazama kilemba chekundu, akatazama mkia wenye manyoya matatu. Aliinama chini ya kamba, akasogea karibu, akagusa mguu wa msumari.

"Hii kuku," akasema. "Nani alikuonesha hii kuku?"

"Mama njo alinichorea. Ni ya baba."

Alimtafuta mama kwa macho kati ya watu, akampata. Mama alikuwa amesimama na mkoba wake wa kanisani mbele ya tumbo, hajainamisha kichwa. Walitazamana muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa mbele ya kanisa. Nikahesabu miaka. Wakati wa meza ya baba, mtu huyu alikuwa kijana wa kuota ndevu.

"Ilinitukanaka miaka yote ya ujana," akasema, si kwangu, kwa mama. "Tata yake alikuwa anasimama pale na kijiti, anacheka."

Kisha akanyoosha mkono, na nikaelewa anaomba bunduki. Nikaikunja, nikaitia punje, nikampa. Alirudi nyuma ya kamba. Alishika pumzi jinsi wawindaji wanavyoishika, chini ya kifua. Jogoo alipigwa kifuani, pakasikika sauti ya bati niliyokuwa nimeibeba masikioni tangu nikiwa na miaka minane, na akageuka polepole, bila haraka yoyote, akampa mwenyekiti wa kamati ya kermesi mkia mbele ya parokia nzima. Mama wa kwaya ndio walioanza kucheka. Baadaye walicheka wote, na mwenyekiti akabaki na bunduki mkononi, amekunja uso, akijizuia, na mwisho akashindwa kujizuia.

Hakuniomba radhi, na mimi sikumsubiri. Alimgeukia katibu wake akamwambia kwamba ile meza ibaki pale ilipo, na mwenye kuishika ameshaishika. Katibu akaandika. Nilimwomba anionyeshe alichoandika, nikasoma neno kwa neno, nikamrudishia karatasi yake.

Siku ya kermesi watu walikuja hata kutoka mitaa ya mbali, kwa pikipiki, kuona chuma kinachoinuka chenyewe. Nilisimama kando na kijiti. Wengine walitaka kujua kama kuna betri ndani. Niliwaeleza mhimili na uzito, kila mara tangu mwanzo, na wote walisikiliza hadi mwisho kwa sababu bunduki ilikuwa kwangu. Mama alikaa kwenye kivuli cha mwavuli karibu na sanduku la mchanga, na kila mtu alipomkosa jogoo, yeye ndiye aliyewaambia maneno ya baba.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupiga. Alilaza sahani tano kwa risasi tano, na sijui mtu mwingine mjini awezaye hivyo, ukiniacha mimi. Akaenda zake kukagua meza za chakula. Alasiri akarudi, amekunja mikono ya shati, na kwa kuwa ni mwenyekiti, akaja moja kwa moja mbele, akapita watu ishirini waliokuwa wamepanga mstari wakingoja, akanyoosha mkono achukue bunduki.

Sikumpa.

"Tata, mulongo inaanzia kule nyuma," nikamwambia. "Batoto ya hapa bote beko banapanga."

Alinitazama. Watu walitutazama wote wawili. Juu ya boriti jogoo alikuwa bado anageuka kutokana na risasi ya mtu aliyetangulia. Mwenyekiti alishusha mkono, akajifuta kiganja kwenye suruali, akatembea kando ya mstari mpaka mwisho wake, karibu na geti nililolitengeneza mwaka uliopita, akasimama nyuma ya mwanamke mwenye sahani ya maandazi, akangoja zamu yake.